Wakili, usifungue hiyo kesi ya stima kesho

Weka hiyo hati ya madai chini kwanza. Umeuliza kama uende Scotland kusomea uzamili wa sheria ya mafuta na gesi, kama kozi ya usuluhishi hapa Nairobi inatosha, mawakili wa kawi hulipwa vipi, na kama uhame ofisi uliyomo. Halafu katikati, kama jambo dogo, ukataja kwamba una mteja wako wa kwanza wa stima: mjane wa Kayole ambaye mumewe aliuawa na waya uliolegea juu ya paa la mabati. Na kwamba mkubwa wako amekwambia uifungue kesho kwenye korti za Milimani, Nairobi, "kama kesi yoyote ya ajali". Dada, hayo mengine yote yatangoja.

Maneno hayo niliambiwa mimi pia. Mkubwa wangu wa wakati huo, wakili aliyezeeka katika kesi za matatu, alinipa hati ya madai ya ajali ya barabarani akaniambia nitoe gari, niweke waya. Sikubishana. Sheria ya Kawi ilikuwa imeanza kutumika Machi 2019 na nakala yake ilikuwa pale ofisini, haijafunguliwa. Nami sikuifungua. Mteja wangu alikuwa mwanamke anayeuza mboga, mumewe alikufa kwa waya vilevile, na miaka mitatu ya kushtaki ilikuwa inakaribia kwisha alipotufikia. Tulikuwa na haraka, na haraka ndiyo iliyomfanya mkubwa aonekane ana hekima.

Kifungu cha 36 cha sheria hiyo hakijifichi. Kinaipa Jopo la Kawi na Petroli, yaani baraza maalum la kuamua mizozo ya kawi, mamlaka ya kusikiliza tangu mwanzo mzozo wowote wa madai kati ya mwenye leseni na mtu mwingine, au kati ya wenye leseni wenyewe. Anayesambaza stima ni mwenye leseni. Mjane ni mtu mwingine. Jopo limepewa hata uwezo wa kutoa fidia. Kilichoondolewa waziwazi ni kesi za jinai. Ongeza Kanuni za malalamishi na mizozo za 2012, zinazotaja bili, mita, kukatiwa stima, usalama, hasara na njia za nyaya, na kutaka malalamishi hayo yapitie kwa mwenye leseni na kwa mdhibiti wa kawi, ambaye leo ni EPRA.

Usinijibu kwamba wapo majaji wa Mahakama Kuu waliosema kifo cha namna hii ni uzembe wa kawaida na korti inaweza kukisikiliza. Nawajua. Wapo pia waliosema kinyume na kuzifuta kesi. Hujui faili yako itaangukia kwa nani, na anayelipia bahati yako ni mjane.

Mfumo wa kufungua kesi mtandaoni hautakuonya. Utapokea hati, utapokea ada, utakupa namba ya kesi nawe utafurahi. Sisi tulifurahi. Upande wa pili ukaingia, ukajibu kwa upole, tukapeana orodha za mashahidi, tarehe zikasogezwa, miezi ikapita. Miaka mitatu ilipokwisha kabisa, wakaleta pingamizi la awali: korti haina mamlaka. Wakataja uamuzi ambao kila mwanafunzi wa sheria Kenya ameukariri, ule wa meli Lillian S dhidi ya Caltex wa 1989, ambamo Jaji Nyarangi alisema mamlaka ndiyo kila kitu, na korti isiyo nayo hushusha zana zake papo hapo. Hakimu akashusha zana, kesi ikafutwa.

Mkubwa wangu akasema tuombe faili ihamishiwe kwenye Jopo. Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuwa amesoma chochote. Mahakama ya Rufaa ilikwisha kusema mwaka 2019, katika kesi ya Phoenix dhidi ya Thiga, kwamba kesi iliyofunguliwa mahali pasipo na mamlaka ni batili tangu siku ya kwanza, na kitu batili hakihamishwi. Hakuna kinachobaki cha kuhamisha. Unaanza upya, na saa haikusimama ulipokuwa ukipoteza muda wa mteja. Sura ya 22, sheria ya muda wa kushtaki, inakupa miaka mitatu kwa madai ya uzembe, na Sheria ya Ajali Zinazosababisha Vifo inawapa waliofiwa miaka hiyo hiyo mitatu. Kifungu cha 27 cha Sura ya 22 huongeza muda kwa mtu ambaye hakujua mambo ya msingi ya madai yake. Yule mama aliyajua yote. Wasiojua tulikuwa sisi, na sheria haina kifungu cha kumwokoa mteja kwa sababu hiyo.

Nilimweleza kwenye benchi nje ya korti. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Kwa hivyo hakimu amesema waya haukumuua?" Hakimu hakusema lolote kuhusu waya. Hakuna mtu kwenye kesi ile aliyewahi kufika kwenye waya. Mkubwa wangu hakuja siku hiyo, na wiki ile ile alikuwa akimpa kijana mwingine hati ile ile ya madai. Nimekasirika mpaka leo, na sitaki kutulia. Mtu akishakuwa na miaka mingi kazini na watu wanamwita mwalimu, ana wajibu wa kusema "sijui sheria hii, kaisome" badala ya kujaza pengo kwa sauti nzito. Na wale mtakaoniambia nampigia kelele mtoto wa watu: nampigia kelele kwa sababu mkubwa wake hajampigia.

Kanuni yangu ni moja, na hakuna kijana anayefungua faili bila hiyo nikiwa ofisini. Kabla ya neno la kwanza la hati ya madai, andika karatasi moja: ni nani ana mamlaka, kwa kifungu kipi, na muda unaisha tarehe gani. Kukiwa na shaka, ingia mapema kiasi kwamba hata ukifukuzwa kwenye mlango mmoja bado una muda wa kwenda wa pili.

Hiyo ndiyo kazi ya kesi za kawi nchini, sehemu kubwa. Leseni ya mazingira ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu, megawati 1,050, ilifutwa Juni 2019 na Jopo la Kitaifa la Mazingira, kwa sababu wakazi walijua wapeleke wapi rufaa yao kuhusu umma kutoshirikishwa. Hati za ardhi ya mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, ule wa mitambo 365 kule Loiyangalani, zilipingwa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi kule Meru, na uamuzi wa Oktoba 2021 ukasema hazikupatikana kwa njia halali. Mikataba ya kuuziana umeme nayo mara nyingi ina kifungu cha usuluhishi, na ukimtetea aliyeshtakiwa kortini, kifungu cha 6 cha Sheria ya Usuluhishi ya 1995 kinakutaka uombe kesi isimamishwe kabla au pale pale unapojitokeza rasmi kuijibu, si baada ya hapo. Ukizijua njia hizi vizuri utatafutwa na watu waliokuzidi shahada.

Kuhusu Scotland: kisima cha Ngamia 1 kilipopata mafuta Turkana mwaka 2012, vijana wengi wazuri walikopa wakaenda kusomea mafuta na gesi, wakarudi bei ya mafuta duniani imeanguka. Nyaya, mita na njia za nyaya ziko Kenya nzima leo. Soma hizo kwanza.

Sasa usiku huu. Mpigie mkubwa wako, mwambie hufungui kesho. Andika barua ya malalamishi kwa mwenye leseni, ipokelewe kwa muhuri, na nakala yake iende EPRA. Anza kuomba hati ya kusimamia mirathi kwa ajili ya kesi, maana bila hiyo mjane hawezi kudai kwa niaba ya marehemu popote pale. Picha za ule waya zipigwe kabla fundi hajatumwa kuukaza. Hukuandika jambo moja nalo ndilo ninalolihitaji kabla sijakushauri zaidi: mume alifariki tarehe gani?