Muulize Fundi wa Seva: Data ipo sehemu mbili, bekapu ya nini tena?

Shikamoo kaka. Nipo kitengo cha IT kwenye SACCOS moja hapa Morogoro. Seva kuu iko ofisini, nyingine iko tawi la Dodoma, na PostgreSQL, programu yetu ya databesi, inapeleka kila kitu kule papo hapo. Sasa meneja anasema hela ya bekapu tuikate maana data tayari iko sehemu mbili. Nimjibuje?
*Msomaji, Morogoro*

Marahaba mdogo wangu. Mwambie hapana, kwa heshima lakini hapana. Seva ya Dodoma haina akili ya kujua kama ulichofanya Morogoro ni kazi au ni balaa, yenyewe inaiga tu. Mtu akifuta jedwali la wanachama saa nne asubuhi kwa bahati mbaya, Dodoma nayo inafuta saa nne hiyohiyo, na fiba ikiwa nzuri ndo inafuta haraka zaidi. Ile seva ya pili inakusaidia jengo likiungua, wezi wakibeba mashine, diski zikifa. Data yenyewe ikiharibika haikusaidii kitu.

Akibisha mpe hii ya Maersk, wale wa meli za makontena. Juni 2017 virusi vya NotPetya viliwaingilia na kufuta kompyuta zao dunia nzima, na humo ndani zilikuwemo seva kama 150 zinazotunza majina na ruhusa za watumiaji wote. Hizo seva zilikuwa zinapeana nakala zenyewe kwa zenyewe, hesabu yao ilikuwa kwamba moja ikifa zilizobaki zitaibeba, nani angewaza kwamba zote zitafutwa kwa pamoja? Iliyopona ilikuwa moja tu, ofisi ya Ghana, na ilipona kwa sababu umeme ulikuwa umekatika kwahiyo haikuwa hewani virusi vinapita. Intaneti ya pale ikawa ndogo mno kutuma data yote Uingereza, wafanyakazi wa pale hawana viza ya Uingereza, ikabidi mmoja apande ndege mpaka Nigeria akamkabidhi mwenzake diski uwanjani ndo ikapelekwa London. Kampuni kubwa vile ikaokolewa na umeme kukatika, sisi tunaoutukana umeme kila wiki tuifikirie hiyo.

Kwahiyo fanya hivi. Bekapu kamili kila usiku iende sehemu ambayo pasiwedi ya seva kuu haiwezi kuifuta, hilo ndo la muhimu kuliko yote, maana mwizi akishaingia kwenye seva kitu cha kwanza anatafuta bekapu. Na yale mafaili ya WAL, yaani daftari ambalo PostgreSQL inaandika kila badiliko, yahifadhiwe pia, yanakuwezesha kurudisha databesi mpaka dakika moja kabla ya mtu kukosea. Ukibaki na hela kidogo ya mashine ya tatu ifanye ichelewe makusudi, kuna setingi inaitwa recovery_min_apply_delay, weka masaa manne. Mtu akifuta kitu saa nne asubuhi mna mpaka saa nane mchana kuistopisha kabla haijaiga.

Kaka habari za kazi. Makao makuu yetu Dar, seva ya akiba iko Mwanza na tuliiwekea feilova ya otomatiki, yaani kuu ikifa ya akiba ishike kazi yenyewe. Juzi kati fiba ikakatika kama dakika 20, Mwanza ikajipandisha yenyewe ikawa kuu, kumbe Dar nayo ilikuwa hai na madirisha ya Dar yanaendelea kupokea hela. Mtandao umerudi tunakuta miamala pande zote mbili na namba za risiti zimegongana. Mpaka leo tunalinganisha kwa mkono. Shida ilikuwa wapi?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Pole sana, hiyo kazi ya kulinganisha naijua inavyochosha. Shida ni kwamba mlikuwa na seva mbili tu, na seva mbili hata uzifanyie nini haziwezi kujua tofauti ya mwenzangu amekufa na njia imekatika. Mwanza haimsikii Dar, inahitimisha Dar kafa. Lazima pawe na shahidi wa tatu, kimashine kidogo tu kinatosha, kikae mji mwingine na kipite njia nyingine ya mtandao, na anayeongoza awe anayeonekana na wawili kati ya watatu. Na hapa ndo wengi wanasahau: aliyebaki peke yake ajizime kuandika MWENYEWE. Shahidi bila hiyo ni pambo tu.

Na msijione wajinga, GitHub, wale ambao waandishi wa programu duniani wanatunzia kazi zao kwao, yaliwakuta Oktoba 21, 2018. Kwenye matengenezo ya kawaida mawasiliano ya kituo chao cha mashariki ya Marekani yakakatika kwa sekunde 43 tu, mfumo wa otomatiki ukahamishia databesi upande wa magharibi, wakati huo mashariki kulikuwa na maandishi ya sekunde chache ambayo hayajafika magharibi. Basi pande zote zikawa na vitu ambavyo mwenzake hana, na kuja kukaa sawa kabisa iliwachukua masaa 24 na dakika 11. Sekunde 43 jamani!

Mimi maoni yangu kwa taasisi ya ukubwa wenu, zimeni hiyo otomatiki. Ibaki kutoa kengele tu, uamuzi afanye mtu. Andikeni kwenye karatasi nani anaamua, asipopatikana nani anafuata, na kabla Mwanza haijapandishwa mtu wa Dar apigiwe simu aithibitishe seva ya Dar imezimwa, na kama ofisi haifikiki kabisa basi wa mtandao awafungie njia ya watumiaji kwenda Dar. Mtapoteza nusu saa ya huduma, sawa, ila nusu saa ya wateja kunung'unika inavumilika kuliko wiki mbili za wahasibu.

Kwa usafi wa sasa hivi: chagueni upande mmoja uwe ndo ukweli, msijaribu kuchanganya majedwali maana hizo namba zilizogongana zitawazika. Ule upande mwingine toeni orodha ya miamala ya tangu fiba ilipokatika, ichapwe, wahasibu waiingize upya kama miamala mipya yenye maelezo. Mkishaitoa yote ndo mnairudisha seva ile kwenye mstari na pg_rewind, zana ya PostgreSQL ya kuirudisha seva iliyopotoka ifuate kuu, na inafanya kazi tu kama mliwasha setingi ya wal_log_hints au checksums kabla ya tatizo. Kama hamkuwasha basi mnakopi databesi nzima upya, na kama ni kubwa na laini yenu nyembamba, diski ndani ya basi la Mwanza itafika mapema kuliko intaneti. Hapo sitanii.

Nilikuwa nasoma kwamba ukiweka synchronous, yaani seva kuu isubiri ya akiba ikiri imeandika ndo muamala ukubaliwe, hupotezi data hata kidogo. Kwanini basi watu hawaweki wote?
*Dada wa Dodoma*

Kwasababu ya umbali dada yangu. Mwanga ndani ya fiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwahiyo kila kilomita 100 kwenda na kurudi ni milisekunde moja. Dar hadi Mwanza kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100, hapo milisekunde 11 zimeshaondoka kabla hujahesabu vifaa vya njiani. Muamala mmoja hausikii. Ila mwisho wa mwezi mnapoweka riba kwa wanachama 10,000 mmojammoja, kila mmoja anasubiri jibu la Mwanza, karibu dakika mbili nzima ni kusubiri tu. Na kwa PostgreSQL kama seva ya kusubiriwa ni moja tu na ikapotea, ile kuu nayo inakwama inangoja. Jengo kwa jengo mji mmoja weka, mkoa kwa mkoa hapana.

Diski ya seva kuu imejaa ghafla usiku, hakuna aliyeongeza data. Seva ya akiba ilikuwa imezimwa tangu wikiendi. Kuna uhusiano?
*Msomaji, Arusha*

Upo asilimia mia. Mliweka replication slot, na slot inaiambia seva kuu isifute WAL yoyote mpaka mwenzake aisome. Mwenzake amezimwa, WAL zinarundikana. Futa hiyo slot, nafasi itarudi baada ya checkpoint (pale databesi inapomaliza kuandika mabadiliko yote kwenye diski), alaf jenga upya ya akiba. Usithubutu kufuta mafaili ya pg_wal kwa mkono, nasema USITHUBUTU. Kuanzia toleo la 13 la PostgreSQL kuna setingi ya max_slot_wal_keep_size, iwekeeni kikomo.

Sisi Mombasa tuliamua akiba yetu ikae kwenye wingu Afrika Kusini. Bosi anasema tumemaliza. Ni kweli?
*Msomaji, Mombasa*

Bado kaka. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika zote kwa pamoja upande wa kusini huko na Afrika Mashariki nzima ikayumba, siku kama hiyo akiba yenu ipo nzima salama salmini ila hamuifikii. Muulize mtoa intaneti wenu mkienda Afrika Kusini mnapita waya gani, na mkilipia laini ya pili hakikisha haipiti humohumo, wengi wanauziwa laini mbili zinazolala mtaro mmoja.

Cha pili, mmeshawahi kuirudisha? GitLab, wanaofanya kazi kama ya GitHub, Januari 2017 walifuta databesi kwenye seva ambayo siyo, wakakimbilia bekapu, wakakuta zile za kila siku hazikuwepo kabisa kwa sababu programu ya kuchukua bekapu ilikuwa toleo la 9.2 na databesi ni 9.6, ikawa inafeli kimyakimya na hata imeili za kutoa taarifa zilikuwa zinakataliwa. Kilichowaokoa ni snapshoti (nakala ya diski ilivyo wakati huo) aliyochukua mfanyakazi kwa mkono masaa sita kabla kwa shughuli zake nyingine. Kwahiyo chagueni Jumapili moja, hamieni Afrika Kusini mchana kutwa kazi halisi ifanyike kule, mpime na stopwochi, alaf jioni mrudi Mombasa. Kurudi ndo kugumu, kutengewe muda mrefu kuliko kwenda. Na siku moja kabla shusheni TTL ya DNS, yaani muda ambao kompyuta za wateja zinakariri anwani ya seva yenu, iwe dakika moja, la sivyo nusu ya wateja watabaki wanagonga mlango wa zamani mpaka Jumatatu.