Wasomaji Wauliza: Ebola na Shehia Zetu

Marburg, maradhi ya ukoo mmoja na Ebola, imezuka mkoani Kagera mara mbili: Machi 2023 na Januari 2025. Tangu hapo barua za wasomaji wa Unguja na Pemba zinauliza jambo moja kwa njia nyingi: ikivuka bahari, shehia ifanye nini? Majibu yafuatayo, isipokuwa la chanjo, yanafaa kwa maradhi yote mawili, kwani njia ya kuambukiza ni ile ile: kugusa damu, matapishi, choo, jasho au majimaji mengine ya mgonjwa, au mwili wa aliyekufa kwa maradhi hayo.

Mimi ni mchukuzi wa mizigo bandarini Malindi. Wakati wa tahadhari abiria hupimwa joto kwenye kipaji. Kipimo kile kinatosha? Na sisi tunaobeba mabegi yao tuko salama?
*Mchukuzi, Mjini Unguja*

Hakitoshi. Virusi hukaa mwilini siku 2 hadi 21 kabla ya dalili kutokea. Mtu aliyemuuguza jamaa yake eneo la mripuko anaweza kupanda basi hadi Dar es Salaam, akapanda boti, akashuka Malindi joto lake likiwa la kawaida, kisha akaanguka na homa wiki ya pili yuko kwao Bumbwini. Mwengine ana homa lakini amemeza paracetamol njiani. Kipimo kinampata aliyekwisha kuumwa tu, naye ni mmoja kati ya wengi.

Lililo jema ni kwamba asiye na dalili haambukizi. Kwa hiyo kazi kubwa iko nyumbani anakofikia mgeni. Aliyetoka eneo la mripuko ajipime joto asubuhi na jioni kwa siku 21, na familia ijue mapema nambari ya simu ya sheha na ya mhudumu wa kujitolea wa afya ya jamii. Joto likifika nyuzi 38, au akipata uchovu wa ghafla, maumivu ya misuli, kichwa au koo, asiende zahanati kwa daladala wala bodaboda. Apige simu kwanza, aseme ametoka wapi, asubiri gari ya wagonjwa. Kutapika na kuharisha hufuata. Kutoka damu huja mwisho, na wagonjwa wengi hawatoki damu inayoonekana, kwa hiyo anayesubiri damu ndipo ashtuke amechelewa. Jambo jengine linalopoteza watu ni kipimo cha malaria. Kikionesha malaria kwa mtu aliyetoka eneo la mripuko, hakijaiondoa Ebola, maana anaweza kuwa na yote mawili.

Wewe ndugu yetu, begi kavu lisikutie hofu. Hatari yako ni abiria aliyetapika au kuharisha ndani ya boti. Usifute, usimshike mkono kumsaidia kushuka. Waondoe watu, ita wahudumu wa afya wa bandari. Na tunawaomba wote walioko bandarini: msimwaibishe msafiri. Akiona anatendewa kama mhalifu, atashukia bandari bubu kwa mashua kutoka Tanga au Pangani, na hapo hakuna atakayejua kama amefika.

Kamati yetu ya maafa ya shehia ina fedha kidogo. Wengine wanataka mabomba ya kupulizia dawa na mavazi kamili ya kinga. Tununue nini? Na klorini huchanganywa vipi?
*Katibu wa kamati, Wilaya ya Micheweni*

Mabomba na mavazi acheni. Kumpulizia mtu klorini hakuui virusi vilivyomo mwilini mwake. Kunamuunguza macho na ngozi, na Shirika la Afya Duniani halishauri. Mavazi kamili yanahitaji mtu aliyefunzwa kuyavaa na hasa kuyavua, kwa sababu wengi huambukizwa wakati wa kuvua. Katika joto letu mvaaji hulowa jasho na miwani hutanda ukungu, akajipangusa uso kwa glavu chafu. Hiyo ni kazi ya timu ya Wizara ya Afya.

Nunueni ndoo za plastiki za lita 20 zenye mfereji, mabeseni ya kukingia maji machafu, sabuni za kipande, glavu, daftari, vipima joto vya kwapani, pakiti za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, na klorini. Sabuni na maji yanatosha kwa mikono ya kila siku. Klorini ni ya pale pasipo na sabuni, na ya vitu vilivyochafuka.

Yako maji ya aina mbili, na yasichanganywe. Makali ni asilimia 0.5, kwa sakafu, vyombo na mahali palipomwagikiwa. Mepesi ni asilimia 0.05, kwa mikono. Kwa unga wa klorini wa asilimia 70, makali ni vijiko 10 vya chakula vilivyosawazishwa katika lita 20 (kwa mizani, gramu 143). Mepesi ni kijiko kimoja katika lita 20. Kwa jiki, soma lebo kwanza. Chukua asilimia iliyoandikwa, igawe kwa 0.5, toa 1, utapata sehemu za maji. Jiki ya asilimia 3.5 hutoa 6, basi kikombe kimoja cha jiki kwa vikombe 6 vya maji ni makali. Ili kupata mepesi, chukua kikombe kimoja cha hayo makali utie vikombe 9 vya maji.

Tangulizeni maji, unga baadaye. Koroga kwa kijiti, acha nusu saa, mashapo yakae chini, tumia ya juu. Maji yawe safi: ya matope huila klorini na kubaki harufu tu. Andikeni kwenye ndoo MAKALI na MIKONO, na mifuniko iwe rangi mbali mbali, kwani mikono ikikoshwa kwa makali siku mbili tatu itababuka, na ngozi iliyopasuka ndiyo mlango wa virusi. Maji ya jana yamwagwe. Jua na joto huua klorini, kwa hiyo ndoo ikae kivulini imefunikwa. Unga uwekwe pakavu, mbali na petroli, mafuta ya taa na mafuta ya kupikia, maana ukikutana navyo huwaka moto. Kamwe msichanganye klorini na dawa ya choo yenye asidi: hutoa hewa ya sumu. Ikimrukia mtu machoni, akoshe kwa maji safi yanayotiririka dakika 15.

Kilicho muhimu kuliko ndoo zote ni daftari. Siku mtu anaposhukiwa, kabla gari haijafika, muwekeni chumba chake peke yake na ndoo yake ya choo. Amhudumie mtu mmoja tu, mzima, asiye mjamzito, azungumze naye kutoka mlangoni. Chumvichumvi, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, iwekwe karibu ajinywee mwenyewe. Matapishi yasifutwe, yafunikwe kwa kitambaa, yamwagiwe maji makali kwa utaratibu yasiruke, yasubiri timu. Wakati huo huo mmoja aandike majina ya wote waliomgusa tangu siku dalili zilipoanza: aliyemkanda, aliyemlaza, aliyefua nguo zake, aliyelala naye kitanda kimoja, mganga aliyemchanja. Orodha ikikosa jina moja, mripuko unaweza kuendelea kwa jina hilo.

Assalaam aleikum. Nakosha maiti za wanawake. Nasikia aliyekufa kwa Ebola hakoshwi, hutiwa kwenye mfuko wa plastiki na kuzikwa na watu wageni. Tutamuachaje Muislamu aende hivyo?
*Mkosha maiti, Wete*

Waaleikumu salaam, mama yetu. Swali lako ndilo zito kuliko yote, na waliolijibu vibaya walisababisha vifo. Agosti 2014 serikali ya Liberia iliamuru maiti za Monrovia zichomwe moto. Familia zikaficha wagonjwa na kuzika usiku kwa mikono mitupu, maradhi yakazidi, na amri ikaondolewa mwishoni mwa Desemba. Tangu mwaka huo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka mazishi yawe salama na yenye heshima, yote mawili pamoja, na una sehemu yake ya maziko ya Kiislamu.

Hatari yenyewe ni hii: mtu anapokufa kwa Ebola virusi vimejaa mwilini mwake kuliko wakati wowote. Josho, kumbonyeza tumbo, kumfunga kidevu, kumbusu paji, na maji yanayotiririka chini ya kitanda cha kukoshea, kila kimoja kinaweza kumuua mkoshaji na kisha watoto wake. Glavu zako za kawaida hazikutoshi.

Kinachofanyika ni hiki. Timu hufika bila mavazi ya kinga, hutoa mkono wa pole kwa maneno, hukaa na familia na kuuliza inataka nini. Familia huchagua shahidi wa kuangalia kila hatua kutoka mbali. Wabebaji wanne ndio huvaa. Kabla mwili haujafungwa kwenye mfuko, badala ya josho Muislamu wa timu hiyo, akiwa amevaa kinga, humtayamamisha maiti: hupiga mikono kwenye mchanga au jiwe safi, akapitisha usoni na mikononi mwa maiti. Sanda nyeupe inaweza kutandikwa juu ya mfuko uliofunguliwa, mwili ukalazwa juu yake na mfuko ukafungwa, au mfuko wenyewe ukawa mweupe. Sala ya jeneza haihitaji kumgusa maiti, basi inasaliwa kama kawaida, jeneza mbele, jamaa nyuma kwa nafasi. Kaburi huchimbwa na vijana wa mtaa, kina cha mita 2, mbali na kisima kwa mita 30 au zaidi. Kwenye uwanda wa mawe waanze mapema, kwani timu haifai kusubiri na mwili juani. Timu hushusha mwili kwa kamba, kisha ndugu wenyewe hutia udongo. Dua inasomwa pale pale. Khitma isomwe bila mkusanyiko wa kupeana mikono, wala nguo na godoro la marehemu visigaiwe.

Tunashauri jambo moja lifanyike sasa, kabla ya msiba: wakosha maiti wa kiume na wa kike wa kila shehia wakae na imamu, sheha na daktari wa wilaya, wakubaliane maneno na hatua hizi, na waulize Ofisi ya Mufti palipo na shaka. Wewe mama utafaa sana kuwa shahidi wa familia. Mwanamke aliyefiwa atakuamini wewe ukimwambia kuwa mwanawe ametayamamishwa na ameelekezwa Kibla, kuliko atakavyomuamini mtu aliyemuona siku hiyo.

Popo wetu wa Kidike wana Ebola? Kuna vijana wanataka kuwaua.
*Mwalimu wa skuli, Chake Chake*

Wasiwaue. Popo mkubwa wa Pemba, huyo wa Kidike, hapatikani kwengine duniani. Popo wanaoshukiwa kubeba Ebola ni wa aina nyengine, wa misitu ya Afrika ya Kati, na Marburg hubebwa na popo wanaokula matunda na kulala mapangoni. Hata hivyo popo yeyote aliyekufa asiokotwe kwa mkono mtupu, na embe lililotafunwa litupwe. Kuwashambulia ndiko kunakoleta mikwaruzo na kuumwa.

Chanjo ipo? Kwa nini hatuchanjwi mapema?
*Msomaji, Mkoani*

Ipo chanjo ya Ervebo, dozi moja, kwa Ebola aina ya Zaire pekee. Katika mripuko wa Kongo wa 2018 hadi 2020 walichanjwa watu zaidi ya 300,000, kwa kuwazunguka waliomgusa mgonjwa na waliowagusa hao. Haitolewi kwa watu wote kabla ya mripuko. Haikufaa Uganda mwaka 2022, kwa sababu ile ilikuwa aina ya Sudan. Kwa aina ya Zaire ziko pia dawa mbili, Inmazeb na Ebanga, na hufaa zaidi kwa anayefika hospitali siku za mwanzo.

Mume wangu mvuvi, mimi nalima mwani. Tukiambiwa tumemgusa mgonjwa tukae siku 21, watoto watakula nini?
*Mama wa watoto wanne, Jambiani*

Una haki ya kuuliza, na kamati inayowafungia watu ndani bila jibu la swali hili itawakuta wamekimbia. Kwa nyumba ya watu 6, siku 21, hesabu ya kawaida ya misaada ni gramu 400 za nafaka, 60 za kunde au maharage na 25 za mafuta kwa kila mtu kwa siku. Hiyo ni kilo 50 za mchele, kilo 7 na nusu za maharage na lita 3 na nusu za mafuta. Ongeza sukari, chumvi, mkaa, sabuni, na vocha ya simu ili uweze kuita. Maji ni lita 15 kwa mtu, yaani lita 90 kila siku, basi lazima apangwe wa kuyaleta mlangoni kama hamna kisima. Samaki au mboga zije kila siku mbili, watoto wasichoke.

Mfuatiliaji atakuja kila siku kuwapima joto. Ajulikane kwa jina, na asije na msafara wa magari. Mumeo asiende dago, kwani akipata homa kambini atawaambukiza wenzake na hakuna atakayejua. Ndani ya siku 21 bamvua itapita mara moja au mbili, na mwani usiovunwa hupotea. Kamati iandike mapema ni jirani gani atafunga na kuvuna shamba lako, na mapato akabidhiwe nani. Mwani hauambukizi, na mzima akivuna kwa niaba yako hapati kitu. Siku ya 22 mkiwa hamna dalili, sheha na mhudumu waje mchana, mbele ya majirani, watangaze kuwa mmemaliza, ili samaki wa mumeo wanunuliwe kesho yake.