Kabla hujalipia ile Speedmaster ya 1969

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, kama ununue ile saa ya mkononi, Omega Speedmaster ya 1969, uliyoonyeshwa dukani huko Dubai, ambayo muuzaji anasema imetengenezwa ikawa kama mpya. La pili, kwa nini nyingine ya mwaka huohuo, yenye mikwaruzo na uso uliofifia, inauzwa ghali kuliko hiyo inayometameta. Naanza na la pili, maana ukilielewa hilo la kwanza utalijibu mwenyewe. Thamani ya saa ya zamani iko kwenye vipande vilivyotoka kiwandani pamoja, na ambavyo hakuna aliyevigusa. Kila anayeing'arisha huondoa kitu kisichorudi.

Speedmaster ilitoka 1957, ikachorwa na Claude Baillod kwa ajili ya watu wa mbio za magari. Kabla yake vipimo vya takimita, yaani vya kupimia kasi, vilichapwa kwenye uso wa saa. Omega ikavihamishia kwenye pete inayozunguka kioo, uso mweusi ukapata nafasi na kusomeka upesi. Bonyeza kitufe gari likipita jiwe moja la kilomita, bonyeza tena likifika jiwe linalofuata: mshale ukisimama kwenye sekunde 30, pete inakuonyesha 120, yaani kilomita 120 kwa saa. Mashine yake ya kwanza, namba 321, ilitokana na kazi ya Albert Piguet wa Lemania, watengenezaji wa mashine za saa, mwaka 1942. Kasha unalolijua leo, lenye upande wa kulia mnene ili kuvikinga vitufe, lilikuja na toleo 105.012 mnamo 1964. Tarehe 1 Machi 1965 NASA, shirika la anga la Marekani, ikaikubali saa hii baada ya kuipitisha kwenye joto, baridi, ombwe na mishtuko, na Julai 1969 mwanaanga Buzz Aldrin alitembea mwezini akiwa na 105.012 mkononi.

Hapo ndipo wanunuzi wengi hunaswa. Hiyo unayoiulizia ni toleo 145.022, na ndani yake kuna mashine 861 iliyoanza kutumika 1968. Za mwezini zilikuwa na 321. Ile ya zamani hupiga mara 18,000 kwa saa na kronografu yake, yaani sehemu ya kupimia muda kwa vitufe, huendeshwa na gurudumu lenye nguzo ndogondogo. Ya 861 hupiga mara 21,600 na huendeshwa na kamu, kipande kinachosukuma vingine kwa umbo lake, ambayo ni rahisi kutengeneza na kurekebisha. Kwa kuvaa kila siku mimi naipenda 861. Ila usikubali kutozwa bei ya 321 kwa sababu tu mwaka ni 1969.

Sasa shika lenzi, uanze na uso wa saa. Chini, kwenye namba sita, lazima pasomeke T SWISS MADE T. Hizo T mbili zinaeleza kwamba rangi ya kung'aa gizani ina tritiamu, kitu chenye mionzi kinachoifanya iwake. Ukikuta SWISS MADE peke yake, huo ni uso uliobadilishwa wakati wa servisi miaka ya karibuni, na thamani imeshuka sana hata kama unapendeza macho. Halafu iweke saa gizani baada ya kuimulika kwa tochi. Nguvu ya tritiamu hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 na miezi michache, kwa hiyo ya 1969 imekwisha karibu yote. Saa ikiwaka usiku kucha, rangi imepakwa upya. Rangi ya mishale nayo ifanane na ya uso. Uso wa rangi ya maziwa ya chai na mishale myeupe pepepe havikuzeeka pamoja. Mwisho, itazame kwa ubavu: mwaka ule ukingo wa uso ulishuka kama ngazi ndogo pale penye mistari ya dakika. Ulionyooka moja kwa moja ni wa baadaye.

Pete ni ya alumini nyeusi. Tafuta nukta iliyo karibu na 90. Pete za wakati ule zina nukta juu ya 90, za baadaye zina nukta pembeni yake. Nukta hiyo si jambo dogo: pete ya zamani huuzwa peke yake kwa maelfu ya dola, ndiyo maana wengine huing'oa na kuweka mpya kabla ya kuiuza saa.

Kwenye kasha angalia yale masikio manne yanayoshika mkanda. Kila sikio lina ukingo mkali unaopinda, unaotenganisha chuma kinachong'aa na kile chenye mistari ya msasa. Polishi huula ukingo huo mpaka sikio likawa duara kama sabuni iliyotumika, na hakuna fundi atakayeurudisha ulivyokuwa bila kuongeza chuma kwa kuchomelea. Mikwaruzo ya kioo isikutishe. Kioo ni cha plastiki ngumu, hukubali kusuguliwa kwa dawa yake, na kukibadilisha ni gharama ndogo.

Mwombe muuzaji afungue kifuniko cha nyuma mbele yako. Ndani ya kifuniko kuwe na 145.022, na kwenye mashine kuwe na namba ya mfululizo inayolingana na miaka hiyo. Kifuniko cha saa moja na mashine ya nyingine hukutana mara nyingi kuliko unavyodhani. Novemba 2021, mnadani Geneva, Speedmaster ya toleo la kwanza ilifika zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi, na aliyeinunua ni Omega yenyewe kwa ajili ya makumbusho yake. Mwaka 2023 kampuni ikatangaza kwamba saa ile iliunganishwa kwa vipande vya saa mbalimbali. Kama waliodanganywa ni hao wenye kiwanda, wewe na mimi tuna kila sababu ya kutokuwa na haraka.

Ijaribu pia mashine. Itie ufunguo mpaka uhisi inakataa, uishie hapo. Kitufe cha juu kianzishe na kusimamisha, cha chini kirudishe mshale juu kabisa. Ukisimama pembeni ya 60, mshale umelegea au ulibandikwa vibaya. Mwombe fundi aipime kwenye chombo: ikiwa imejazwa, mzunguko wa gurudumu la mizani uwe nyuzi 270 hivi au zaidi. Ikiwa chini ya 220, mafuta yamekauka na chuma kinasagana. Hilo linarekebishika, toa tu gharama ya servisi kwenye bei.

Ukiinunua, mwandikie fundi kwa maandishi: asipige polishi, asibadilishe uso, mishale wala pete, na kila kipande atakachotoa akurudishie kwenye mfuko. Usiivae majini, raba zake ni za uzee ule ule.

Kwa hiyo, hiyo inayometameta ninaitilia shaka kabla hata sijaiona. Nitumie picha za masikio manne, maandishi ya chini ya uso, nukta ya 90, na ndani ya kifuniko. Akikataa kuifungua, mshukuru, uende zako.

Mama yako