Damu nyingi kwenye upasuaji wa mgongo

SWALI: Saratani ya figo ya mama imesambaa hadi pingili za mgongo. Tumeambiwa atapoteza damu nyingi kwenye upasuaji, tutafute wachangia damu. Upotevu huo haupunguziki? (Msomaji, Temeke)

JIBU: Pole kwa kuuguza. Unapunguzika. Uvimbe uliotoka figo hujaa mishipa ya damu, kwa hiyo ulizeni mapema kama inaweza kuzibwa: mrija mwembamba hupitishwa kinenani hadi mishipa inayoulisha, kisha upasuaji hufuata, kwa kawaida ndani ya saa 24 hadi 72. Ukichelewa, damu hupata njia nyingine. Hatari kubwa ni kuziba mshipa unaolisha uti wa mgongo, mgonjwa akapooza. Ndiyo maana mishipa hupigwa picha kwanza.

Kwenye meza ya upasuaji, akilazwa kifudifudi, tumbo lining'inie huru. Likibanwa, damu hurudi mgongoni. Ipo pia dawa ya traneksamiki, inayozuia damu iliyoganda kuyeyuka. Mwambieni daktari kama mama aliwahi kupata damu iliyoganda mguuni. Wachangiaji tafuteni hata hivyo.