Kwa Mnaoanza Kazi Benki: Likizo, Mkopo na Siku ya Kuaga

Kila wahitimu wapya wakiajiriwa, hawakosi wadogo zangu wawili watatu wa kunipigia simu na swali lile lile: dada, ulipata wapi ujasiri wa kuacha benki? Wanauliza kana kwamba nilitoroka jela. Niliondoka kwa taarifa ya mwezi mmoja, nikaagwa kwa keki na kitenge, na hata leo nikipita tawini nakaribishwa chai. Kwa hiyo anayetaka kusikia waajiri wakisemwa vibaya atafute kwingine. Maisha ninayoishi sasa niliyaandalia humo humo ndani, kwa vitu ambavyo ninyi mnavyo tayari, ila hakuna aliyewaeleza kazi yake.

Nianze na likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inawapa siku 28 mfululizo kwa mwaka, tena za malipo. Benki nyingi zinaongeza sharti lao: sehemu ya siku hizo, mara nyingi kama wiki mbili, lazima uzichukue kwa mkupuo, nywila yako ifungwe na mwenzako akalie kiti chako. Wageni hudhani idara ya rasilimali watu imewaonea huruma, kumbe ni kinga dhidi ya wizi. Anayechezea akaunti za wateja sharti awepo kila siku kufukia mashimo yake, na akikaa pembeni siku kumi yanafukuka yenyewe. Ndiyo maana mkaguzi akikuta mtu hajaenda likizo miaka miwili, kabla ya kumsifu kwa uchapakazi anaitisha mafaili yake.

Hata kama sababu yao ni hiyo, likizo ile ina faida kwako. Mwenzangu mmoja wa kitengo cha mikopo alitolewa kwa lazima huku akiapa kwamba kazi itakwama. Alimwachia aliyemshikia nafasi kurasa kadhaa za maelekezo na namba mbili za simu. Simu haikupigwa. Aliporudi alikuta maombi yamepitishwa, wateja hawajalalamika, na rafu ya hati za dhamana imepangwa vizuri kuliko alivyoiacha. Alinuna wiki nzima! Baada ya hapo ndipo tulipoanza kumwona anabeba begi lake saa kumi na moja jioni kama watu wengine. Kwa hiyo msiiogope likizo, na mkiwa huko msiombe mtumiwe barua pepe.

Kuhusu saa za kazi sina mengi. Sheria inataja saa 45 kwa wiki na 9 kwa siku, na za ziada zilipwe mara moja na nusu, lakini jioni ambayo fedha za tela, yule anayehudumia wateja kaunta, zimepungua hakuna anayeitaja sheria. Milango ya chuma imeshushwa, wateja wameshaondoka, noti zinahesabiwa upya na kila mtu ana njaa. Katika jioni kama hizo ndipo nilipojifunza kazi. Mzee mmoja wa kaunta, aliyekaribia kustaafu, alikuwa anauliza kwanza tofauti ni kiasi gani. Akiambiwa elfu tisa, anaigawa kwa tisa kichwani, kisha anasema, “Acheni noti, leteni karatasi.” Tofauti ikigawanyika kwa tisa, mara nyingi kuna mtu amegeuza tarakimu: shilingi 56,000 imeandikwa 65,000. Tulikuwa tunaipata na kwenda nyumbani. Leo naendesha maisha kwa kutunza hesabu za wafanyabiashara wadogo Kariakoo, na kanuni ile naitumia karibu kila mwezi. Nikisema naishukuru benki, nawazungumzia watu kama yule mzee. Watafuteni mapema, kwa sababu hawatangazwi kwenye semina na wanastaafu kimya kimya.

Sasa mkopo, na hapa naomba mtulie kidogo. Nimekaa kitengo cha mikopo, fomu za wafanyakazi wenzangu zimepita mikononi mwangu. Mtu akishathibitishwa tu kazini, jambo la kwanza analoulizia ni mkopo wa mfanyakazi, kwa kuwa riba yake iko chini ya ile ya wateja. Ni haki yake, na una faida kubwa ukitumika vizuri. Lakini nilikuwa naona slipu za mshahara zilizokatwa mpaka kwenye theluthi, yaani mtu anabaki na ile theluthi moja tu ambayo kwa desturi makato hayaruhusiwi kuigusa. Anafika katikati ya mkopo, anaomba kuongezewa mwingine juu yake. Mara hii ni gari, mara nyingine kamati ya harusi ya mdogo wake imempangia ahadi kubwa kwa sababu “wewe si uko benki bwana.” Na kuna kipengele ambacho wengi hawakisomi: ukiacha kazi, benki nyingi huondoa ile riba nafuu na deni lako linahesabiwa kwa riba ya mteja wa kawaida.

Mtu wa namna hiyo hata umpe semina ngapi za kugawa muda kati ya kazi na familia, hazimsaidii. Bosi akimwita Jumapili ataitika, akihamishiwa mkoa ambao mkewe hataki kwenda ataenda, kwa sababu mshahara wa miaka inayokuja ameshautumia. Mimi nauita huo ndio mzizi wa kuchoka kwetu, kuliko saa na foleni za barabara ya Morogoro.

Nilikopa mara moja, nikajenga Goba. Deni lilipoisha sikurudia, ila sikuruhusu ile hela irudi mfukoni pia. Kiasi kile kile nilichokuwa nakatwa nikawa nanunulia vipande vya UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kila mwisho wa mwezi. Mwili ulishazoea kuishi bila hizo fedha. Huko ndiko ulikotoka ujasiri mnaouulizia, na ulinichukua miaka.

Na msidhani huku nje ni mapumziko. Mteja anayechelewa kulipa hana meneja wa kumshtakia. Tarehe 20 ya kila mwezi nafukuzana na ritani za VAT, yaani taarifa za kodi ya ongezeko la thamani za wateja wangu, na mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba kuna awamu za kodi ya makadirio, hapo nalala usiku wa manane kuliko nilivyowahi kulala nikiwa benki. Nilichopata ni kuchagua wiki za kuchoka. Jumanne namsindikiza mama kliniki ya presha bila kumwandikia mtu barua ya ruhusa. Tunakaa kwenye benchi tukingoja jina lake liitwe, ananisimulia habari za majirani ambazo nimeshazisikia. Siku hiyo simu yangu inabaki nyumbani, na Kariakoo wameshazoea.

Wengine wenu mtakaa benki mpaka kustaafu, mkiwa na afya na furaha, na sitawaona wajinga. Ila aliyekwisha kuamua kutoka, haya ya mwisho ni ya kwake. Usiondoke na siku za likizo ambazo hujui hatima yake, ulizia malipo yake kwa maandishi. Dai cheti cha utumishi, utakihitaji siku usiyoitegemea. Ingia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, uangalie mwezi kwa mwezi kama michango yako imefika. Ni asilimia 20 ya mshahara, na wewe hukatwi zaidi ya nusu yake, kwa hiyo pengo la mwezi mmoja ni fedha yako nyingi. Kadi ya bima nayo huzimwa mapema kuliko watu wanavyotarajia, mara nyingine siku hiyo hiyo ya mwisho ya kazi. Kama kuna jino linakusumbua au mtoto anahitaji miwani, yamalize kwenye mwezi wa taarifa.