Maswali ya Wasomaji: Kufunga na Kusafirisha Kapkeki Zilizopambwa

Swali: Habari za kazi. Napamba kapkeki 12 kwa maua ya krimu ya siagi na kuzipakia kwenye boksi lenye trei ya matundu. Kila zikifika, mbili tatu zimelala na maua yamebonyea upande mmoja. Dereva anaapa alikwenda taratibu. Tatizo ni nini?

Jibu: Dereva mwache kwanza, chukua rula. Kapkeki ya kawaida ina upana wa karibu sm 5 kitakoni na karibu sm 7 juu. Tundu zuri huikaba pale inapoanza kutanuka, kitako kikiwa kimegusa sakafu ya boksi. Tundu likiwa pana keki inacheza. Gari likishika breki inaegemea jirani yake, na kwa kuwa krimu ndiyo inayotangulia kugusana, maua ndiyo yanayoumia.

Kabla ya kununua trei nyingi, weka kapkeki tupu zisizo na krimu, funga boksi, liinamishe kidogo kila upande. Ukisikia zinagonga, trei hiyo haikufai. Kama umeshazinunua, dondosha krimu nzito ya upana wa sm 1 chini ya kila kitako, bonyeza keki hadi ikae, kisha upoze boksi zima kwa dakika 30 ili krimu hiyo igande. Angalia pia trei yenyewe: nyingi hukaa tu ndani bila kushikwa na kitu, zikaruka kwenye matuta. Zibandike kwa selotepu kwenye kona nne.

Urefu nao upimwe. Pima keki ikiwa na pambo lake, kutoka kitakoni hadi nchani, uongeze sm 1.5. Krimu iliyozungushwa juu hufikisha keki sm 8 au 9, kwa hiyo boksi la sm 8 unaloliona kila duka ni dogo. Na usibebeshe boksi lenye dirisha la plastiki juu ya lingine la aina hiyo, hata kwa mwendo mfupi. Plastiki hubonyea katikati, pale pale penye ua.

Swali: Mteja anataka shada la kapkeki 19 lililopangwa kwenye chungu kama maua halisi. Nitalifikishaje bila kumomonyoka?

Jibu: Ukiweza, mshawishi akubali shada la kulala ndani ya boksi. Shada la chunguni hujengwa juu ya nusu tufe la povu gumu, keki zikachomekwa kwa vijiti. Zile za juu hazina taabu. Za pembeni zinaning'inia: gari likitetemeka, kijiti kinapanua tundu ndani ya keki, na uzito wake unaivuta hadi ichomoke. Keki nyepesi ya sponji huachia mapema zaidi. Tumia mapishi mazito yenye siagi ya kutosha.

Akishikilia chungu, beba kila kitu peke yake na ukamilishe huko huko. Chungu kitangulie kikiwa na jiwe au mchanga uliofungwa chini ili kisipinduke, povu likiwa limefunikwa kwa karatasi ya foili. Kila keki iwe na vijiti viwili vilivyoachana kama sm 2, vikielekea juu kidogo ili uzito uisukume keki ndani badala ya kuivuta nje. Kijiti kimoja hakitoshi, keki huzunguka juu yake. Keki zisafiri kwenye boksi la matundu zikiwa baridi, nawe utazishika kwa karatasi yake tu unapozichomeka, ukianzia ukingo wa chini kwenda juu. Mwambie mteja wazi kwamba ndani mna vijiti, hasa kama kuna watoto.

Shada la kulala lina hesabu rahisi. Moja katikati, 6 kuizunguka, 12 nje yake: ndizo 19. Kwa keki za sm 7, shada linakuwa na upana wa sm 35, hivyo tafuta ubao wa sm 38 hadi 40 na boksi linaloukaza. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: keki 19 zinaweza kupita kilo moja na nusu, na ubao mwembamba ukinyanyuliwa kwa kingo hupinda, keki za katikati zikazama na zote zikaegemea ndani. Tumia ubao mnene wa mm 10 au 12, au gundisha miwili ya mm 4. Kila kitako kipate krimu yake, na mianya ijazwe karatasi laini au majani ya krimu. Mikono miwili iwe chini ya boksi, si pembeni.

Swali: Nikizitoa kwenye friji zinatoka jasho, na rangi ya mapambo ya fondanti (donge la sukari la kufinyanga) inachuruzika. Je, nisizipoze kabisa?

Jibu: Krimu ya siagi ipoze. Siagi huanza kulegea ikizidi nyuzi 20 na kuyeyuka kati ya 32 na 35. Ikitoka baridi unakuwa na akiba ya muda. Jasho unaloliona ni mvuke wa hewa uliokutana na kitu baridi. Basi uzuie usikutane nacho: zungushia boksi plastiki ya jikoni kabla ya kuliingiza kwenye friji, safiri nalo hivyo hivyo, ulifungue baada ya saa moja au mbili, likishazoea joto la chumba. Jasho litabaki nje ya plastiki. Fondanti bandika mwishoni, bila kuirudisha kwenye friji. Ikishalowa usiifute, rangi itasambaa. Iweke mbele ya feni ikauke.

Krimu ya jibini au ya maziwa haingojei hivyo. Ikae chini ya nyuzi 5, na nje isizidi saa mbili. Tumia sanduku la baridi lenye pakiti za barafu pembeni, taulo ikizitenga na boksi.

Kwenye gari, boksi likae kwenye buti au sakafu ya mbele ya abiria juu ya mkeka wa mpira usioteleza. Kiti kimeinama kuelekea nyuma, hata kama macho yanakwambia kiko sawa. Washa kiyoyozi kabla ya kupakia, kwa sababu gari lililofungwa juani hupanda karibu nyuzi 10 ndani ya dakika 10 za mwanzo.

Swali: Vikaratasi vinabanduka kabla hata hazijafika. Ni vya bei rahisi?

Jibu: Mara nyingi ni mvuke. Keki iliyofungiwa ikiwa na uvuguvugu hulowesha karatasi, ikaachia. Itoe kwenye bati dakika 5 baada ya kuiva, ipoe juu ya wavu walau saa nzima, ushike kitako: kikiwa na joto lolote, bado.

Swali: Mteja akija kuchukua mwenyewe, nimpe maelekezo gani?

Jibu: Yaandike juu ya boksi: sakafuni, si mapajani, usiache garini, fungua saa fulani. Kwa shehena kubwa unayopeleka mwenyewe, ongeza keki mbili za akiba, mfuko wa krimu ya rangi ile ile, nozeli yake na kisu kidogo bapa.