Mwanga hauna ncha

SWALI: Nimenunua miwani ya jua hapa Tanga. Muuzaji anasema inazuia "mwanga wa ncha". Binti yangu wa kidato cha nne anacheka, anasema ni mwanga "uliopolaraiziwa". Nani yuko sahihi?

JIBU: Hakuna. Ila binti yako namsamehe.

Huo "mwanga wa ncha" unanikera siku nyingi. Sindano ina ncha. Mkuki una ncha, kisu kina ncha, ulimi pia, hata kalamu ya mwanafunzi aliyeitafuna upande wa pili. Dunia ikapewa ncha mbili, kaskazini na kusini, nikanyamaza. Sasa mwanga nao! Ungekuwa na ncha ungeshatutoboa macho zamani, na hapo si miwani ya kuvaa, ni ngao.

Mwaka 1808, jijini Paris, Mfaransa Étienne-Louis Malus alitazama kupitia fuwele ya kalsaiti, madini angavu, jua la machweo likimeta kwenye madirisha ya Kasri la Luxembourg. Aliona taswira mbili. Kila alipoizungusha fuwele, moja ilififia na nyingine ikakolea. Akadhani chembe za mwanga zina ncha kama sumaku, ndipo jina "polarization" likazaliwa, kutokana na "pole" ya Kiingereza, yaani ncha. Alikosea. Mwanga ni mawimbi yanayotikisika kukingama njia yake, kwa kawaida pande zote. Ukigonga bahari ukaakisiwa, mtikisiko wa ulalo ndio unaotawala: huo ndio mwanga mnaobishania, na ndio mng'aro unaokufanya ukunje uso ufukweni. Kwa hiyo tumekaa chini tukatafsiri kosa la mtu, tena kwa uaminifu mkubwa.

Na "polaraiziwa"? Hiyo -aiz- ni -isha ya Waingereza. Yetu ipo, ya kuazima ya nini? Darasani aseme "mwanga uliopolarishwa". Si neno zuri, lakini nimechoka kugombana. Dukani "miwani ya kukata mng'aro" inatosha, kila mvuvi ataelewa. Nyuki hutumia mwanga wa aina hiyo kujua njia hata jua likifichwa na wingu, mradi kipande cha anga kionekane. Mtafiti wa nyuki Karl von Frisch alilieleza hilo mwaka 1949. Hawajaitisha semina ya istilahi.

Miwani yenyewe ijaribu. Simama mbele ya maji yanayometa, ivue, tazama kupitia kioo kimoja huku ukiizungusha robo duara. Mng'aro ukirudi, ndiyo yenyewe. Usipobadilika, irudishe dukani, umwambie amekuuzia ncha tupu.